Mbio za Megahezi: Nani Hasa Aliharakisha Kompyuta za Kujitolea?

Wapenda kompyuta wakikutana, swali la kwanza huwa lile lile: yako inakimbia gigahezi ngapi? Mwenye 5 anamcheka mwenye 4, na mwenye 3 anajifanya hajasikia. Sijawahi kusikia mtu akiuliza, na majibu inayotoa ni sahihi? Wasee, leo nataka tukae kwa hilo swali la pili. Lina historia ya karibu miaka 30 nyuma yake, na ni historia inayochekesha kidogo, kwa sababu baadhi ya waliokuwa na haraka zaidi walichangia kufanya kila mtu arudie kazi mara mbili.

Tuwekane sawa kwanza. Kuovakloki ni kulazimisha prosesa au memori ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa na kiwanda. Kompyuta za kujitolea nazo ni harambee. Wanasayansi wana hesabu kubwa kuliko uwezo wao, wanaikata vipande vipande, wanavituma kwa intaneti kwa watu wa kawaida, na kila mtu anafanya kipande chake nyumbani kompyuta ikiwa imekaa bure. Majibu yanarudi, yanaunganishwa. Hakuna anayelipwa. Unachopata ni pointi na jina lako kwa orodha.

Sasa weka hayo mawili pamoja: orodha ya pointi, na vijana wanaojua kuongeza kasi ya mashine. Unajua kilichofuata.

Harambee ilivyoanza

Mwaka wa 1996, Mmarekani anayeitwa George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS, wa kutafuta nambari tasa kubwa kubwa. Nambari tasa ni ile isiyogawanyika kwa nambari nyingine isipokuwa 1 na yenyewe, kama 7 au 31. GIMPS inatafuta zile za aina ya Mersenne, ambazo unazipata kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara nyingi halafu unaondoa 1. Woltman aliandika programu, akaiweka intaneti bure, na Novemba ya mwaka huo huo mtu mmoja Ufaransa, Joel Armengaud, akapata ya kwanza.

Mwaka wa 1997 likaja kundi la distributed.net. Hawa walitaka kuvunja msimbo wa siri wa RC5 kwa kujaribu kila ufunguo mmoja mmoja. Ule wa biti 56 uliwachukua siku 250. Wakaanza wa biti 64, na huo nitaurudia baadaye kwa sababu mwisho wake ni mtamu.

Halafu tarehe 17 Mei 1999, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kikafungua SETI@home. Hapo ndipo dunia nzima iliingia. Kompyuta yako ilipewa sekunde 107 za sauti ya redio kutoka darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ichunguze kama kuna dalili ya viumbe wenye akili huko nje. Faili lilikuwa dogo, kama kilobaiti 340, lakini kulimaliza kulichukua saa nyingi. Mamilioni ya watu walijiunga. Kulikuwa na timu, kulikuwa na majedwali ya washindi, na kila mtu alitaka kupunguza zile saa.

Jua kali ya Celeron

Wakati huo huo, Agosti 1998, Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu inayoitwa Celeron 300A. Ilikuwa imefungwa isizidishe zaidi ya mara 4.5, na barabara inayoiunganisha na memori ilikimbia megahezi 66. Piga hesabu: 66 mara 4.5 ni karibu 300. Lakini madabodi za wakati huo zilikuwa na barabara ya megahezi 100 kwa ajili ya prosesa za bei ghali. Watu wakajaribu kuiweka ile Celeron kwa 100. Mara 4.5, unapata 450. Na nyingi zilikubali! Kwa pesa ya mtu wa chini ulikuwa unapata kasi ya mtu wa juu.

Mwaka wa 1999 kampuni ya ABIT ikatoa madabodi ya BP6, iliyobeba Celeron mbili kwa wakati mmoja, kitu ambacho Intel haikukusudia. Mwaka wa 2000 ikaja zamu ya AMD. Prosesa zake za Athlon na Duron za wakati huo zilikuwa na vidoti vidogo juu yake, na ukiviunganisha kwa penseli ya kawaida, ile ya kuandikia, kizidishi kinafunguka na unaweza kupanga kasi upendavyo. Penseli, manze. Hiyo ni jua kali ya kiwango cha juu, na nawavulia kofia.

Lakini hapa ndipo hadithi inaanza kuwa ngumu. Yule wa Celeron na yule wa penseli wote walisema "nimeovakloki", na walikuwa wamefanya vitu viwili tofauti. Wa Celeron alipandisha barabara, kwa hivyo prosesa na memori zote zilikimbia zaidi. Wa penseli alipandisha kizidishi peke yake. Prosesa yake ilikimbia, memori ikabaki pale pale.

Mpishi wa chapati

Fikiria mpishi wa chapati. Mikono yake ndiyo prosesa. Kando yake kuna meza ndogo yenye madonge machache, hiyo tuiite kashe, stoo ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Unga mwingi uko kwa stoo ya nyuma, na hiyo ndiyo RAM. Kuna kijana anayekimbia kuleta unga kutoka stoo hadi mezani.

Ukimfanya mpishi awe na mikono ya haraka mara moja na nusu, je, chapati zitaongezeka mara moja na nusu? Inategemea kama donge liko mezani. Kama mpishi hutumia nusu ya muda wake akimngoja kijana wa unga, basi mkono wa haraka unaharakisha ile nusu nyingine tu. Kazi iliyochukua dakika 60 itachukua 50. Umeongeza kasi ya mkono kwa asilimia 50, umepata kazi zaidi kwa asilimia 20.

Miradi mitatu niliyotaja ilikuwa ni wapishi wa aina tatu. RC5 ilikuwa na data kidogo sana, yote ikitosha kwenye kashe. Hapo kila megahezi uliyoongeza ililipa, iwe umeongeza kwa barabara au kwa penseli, na memori yako ingeweza kuwa ya zamani na isikuumize. SETI@home ilikuwa katikati. Faili la kilobaiti 340 halitoshi ndani ya kashe ya kilobaiti 128 ya Celeron, kwa hivyo kijana wa unga alikimbia sana, na mtu aliyepandisha barabara yote alimshinda aliyepandisha kizidishi tu.

GIMPS ndiyo kali kuliko zote. Chukua nambari tasa waliyotangaza mwaka wa 2024, ambayo ina tarakimu 41,024,320. Nambari hiyo peke yake inajaza karibu megabaiti 17, na ikishatayarishwa kwa hesabu inakuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Halafu mashine inabidi iizidishe nambari ya ukubwa huo kwa yenyewe zaidi ya mara milioni 136, moja baada ya nyingine. Unga wote huo unapita mlangoni kila mara. Prosesa za kore nne zilipokuwa za kawaida, wengi kwenye mradi huo waliona kwamba kore zinamaliza kazi halafu zinakaa zikingoja memori. Ukiongeza kasi ya kore, unaongeza kasi ya kungoja.

Hapa kuna kitu cha bure kwa wewe uliyenunua desktop ya ofisi iliyotumika, zile zinazojaa maduka ya mjini. Nyingi huja na kipande kimoja cha RAM. Prosesa nyingi za desktop zina njia mbili za kwenda kwa memori, na kipande kimoja kinatumia njia moja. Ukiweka viwili vinavyofanana, kila kimoja kwa njia yake, unafungua barabara ya pili bila kugusa volteji wala kuchoma kitu. Kwa kazi kama ya GIMPS, hiyo inaweza kukusaidia kuliko megahezi zote utakazoiba kwa BIOS.

Biti moja tu

Sasa tuje kwa yale majibu.

Prosesa au memori ikisukumwa kupita kiasi, si lazima izime. Kuzima ni bahati nzuri, kwa sababu unajua kuna shida. Kibaya ni pale inapoendelea kufanya kazi vizuri, skrini iko sawa, gemu inacheza, lakini mara moja kwa saa kadhaa 0 inageuka 1. Kwa memori hili linaweza kupita kimya kabisa, kwa sababu RAM ya kawaida ya nyumbani haijikagui kama ile ya seva. Kwa video, utaona doti moja ya rangi mbaya na hutajua. Kwa gemu, hakuna kitu.

Kwa GIMPS, umekwisha. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kinaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe, unaondoa 2, unagawanya kwa ile nambari unayoipima na kubaki na salio, halafu unachukua salio hilo unarudia. Kila hatua inasimama juu ya ile ya nyuma. Biti moja ikigeuka hatua ya milioni 3, zile zote zinazofuata ni uongo, hata kama prosesa imezifanya bila kosa. Baada ya siku au wiki, mashine inaripoti: si nambari tasa. Na hakuna mtu anayeshtuka, kwa sababu karibu nambari zote si tasa.

Elewa uzito wa hapo. Kompyuta moja yenye haraka ingeweza kupita juu ya nambari ambayo watu wanaitafuta kwa miaka, ikasema "hakuna kitu hapa", na mlango ukafungwa.

Ndiyo maana GIMPS iliweka sheria: kila jibu lirudiwe na kompyuta nyingine. Mashine ya kwanza inatuma biti 64 za mwisho za jibu lake. Baadaye, wakati mwingine miaka baadaye, nyingine inafanya kazi yote upya na kutuma zake. Zikilingana, sawa. Zisipolingana, wa tatu anaitwa kuamua. SETI@home nao walituma kila kipande kwa zaidi ya mtu mmoja, na walipojenga mfumo wa BOINC ili miradi mingine iutumie, mkuu wao David Anderson aliandika wazi mwaka wa 2004 kwamba kompyuta zinazotoa majibu mabaya mara nyingi zimeharibiwa na ovakloki. Walikuwepo pia wadanganyifu waliobadilisha programu ili wapate pointi, lakini hata asiye na nia mbaya alikuwa tatizo.

Piga hesabu ya hasara. Kama kila kazi inafanywa mara mbili, nusu ya nguvu ya harambee nzima inaenda kwa kuhakikisha. Mtu anaongeza asilimia 20 kwa mashine yake, na sababu moja ya kila mashine kupoteza asilimia 50 ni kwamba hakuna anayejua ni nani kati yetu amevuka mpaka. Hiyo si hesabu nzuri.

Na stima je? Nguvu inayoliwa na prosesa inapanda pamoja na kasi, na inapanda kwa volteji mara volteji. Ongeza kasi asilimia 20 na volteji asilimia 10: 1.2 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.45. Unalipa asilimia 45 zaidi kwa kazi iliyoongezeka, ukiwa na bahati, asilimia 20. Anayenunua tokeni nyumbani kwenu angependa kusikia maelezo yako.

Hakimu wao

Lakini nitakuwa sina haki nikiwaacha waovakloki hapo kama wabaya wa hadithi. Kuna jambo walilifanya ambalo naona halipewi heshima.

Programu ya Woltman, Prime95, ilikuwa na sehemu ya kutesa kompyuta: inafanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, inalinganisha, na ikikosea hata mara moja inasimama na kukwambia. Iliwekwa ili watu wajue kama mashine yao inafaa kuingia mradi. Waovakloki wakaichukua ikawa kipimo chao cha heshima. Ukisema Celeron yako inakimbia 450, unaulizwa: Prime95 usiku mzima? Kama haikupita, kasi yako haihesabiki. Yaani watu wanaolaumiwa kwa majibu mabaya ndio waliofanya ukaguzi uwe desturi ya kila mtu anayejenga kompyuta.

Desturi hiyo ilizaa matunda. Januari 2016, watu wa GIMPS waligundua kwamba prosesa mpya za Intel za Skylake zinaganda zikipewa hesabu fulani ya Prime95. Hazikuwa zimeovaklokiwa. Zilikuwa kwa kasi ya kiwanda. Intel ikakubali kuna kasoro na kutoa marekebisho. Kiwanda nacho hukosea, na aliyekigundua ni mtu wa kujitolea aliyezoea kutoamini mashine.

Washindi walikuwa na nini?

Sasa ule mwisho mtamu niliokuahidi. RC5 ya biti 64 ilichukua siku 1,757 na watu 331,252. Baadhi yao walikuwa na mashine za kutisha. Tarehe 14 Julai 2002 ufunguo ukapatikana. Kompyuta iliyoupata ilikuwa Tokyo, Pentium III ya megahezi 450. Wakati huo prosesa mpya zilikuwa zimeshapita gigahezi 2. Na kuna zaidi: jibu lilifika kwa seva na likakaa hadi tarehe 12 Agosti bila mtu kuliona, kwa sababu programu ya kuchambua majibu ilikuwa na hitilafu. Miaka karibu mitano ya mbio, halafu jibu linakaa mlangoni mwezi mzima.

Desemba 2018, nambari tasa mpya ya GIMPS ilipatikana Florida na Patrick Laroche. Kwa miaka alikuwa akitumia Prime95 kutesa kompyuta anazojenga, halafu akaamua kurudisha shukrani kwa kuacha seva yake ya filamu ifanye kazi ya mradi. Jaribio lake la nne tu, akashika. Kompyuta iliyothibitisha nambari hiyo kwa siku 12 mfululizo ilikuwa na Core i5-4590T. Hiyo herufi T mwishoni inamaanisha ni toleo la kula umeme kidogo, lililopunguzwa kasi makusudi.

Sisemi mashine ya polepole ina bahati zaidi. Kila anayefanya kazi zaidi ana nafasi zaidi, hiyo ni hesabu tu. Ninachosema ni kwamba katika harambee ya maelfu ya watu, tofauti kati ya yako na ya jirani ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti kati ya jibu linaloaminika na lisiloaminika.

Kasi ya kweli ilitoka wapi

Kufikia 2018, GIMPS ilianza kutumia mbinu ya Robert Gerbicz, mwanahisabati wa Hungary. Walibadilisha kipimo kidogo, na pembeni ya hesabu kuu mashine ikawa inabeba hesabu ya pili ndogo. Kila baada ya muda inalinganisha hizo mbili. Zikikataana, inajua biti imegeuka mahali fulani, na inarudi nyuma hadi mahali ilipokuwa na uhakika. Ni kama gemu: ukikufa, unarudi kwa sevu ya mwisho, huanzi upya. Muda unaotumika kwa ukaguzi huo ni kidogo sana, huwezi kuuhisi.

Halafu mwaka wa 2020 wakaongeza kitu kingine, kwa kutumia wazo la Krzysztof Pietrzak. Mashine ikimaliza, inatoa cheti ambacho kompyuta nyingine inaweza kukithibitisha kwa sehemu ndogo mno ya kazi ya mwanzo. Hakuna tena haja ya mtu wa pili kurudia kila kitu.

Unaona kilichotokea hapo? Ile nusu ya nguvu iliyokuwa ikipotea kwa kuhakikisha ilirudi. Kwa kazi mpya, mradi ulikaribia kupata kasi mara mbili bila mtu yeyote kununua prosesa, bila volteji, bila feni. Hakuna Celeron iliyowahi kuovaklokiwa mara mbili kwa penseli. BOINC nao walikuwa na njia yao: kompyuta yenye rekodi safi inakaguliwa mara chache, kama mwanachama wa chama ambaye hajawahi kuchelewesha mchango. Uaminifu ukawa ndiyo kasi.

Mtu ataniambia, na Folding@home je? Sawa, tuongee. Mradi huo ulianza Stanford mwaka wa 2000, unaiga jinsi protini zinavyojikunja. Huko kipande cha kesho kinangoja jibu la kipande cha leo, kwa hivyo anayerudisha haraka anasaidia kweli, na wanampa pointi za ziada. Hoja hiyo naikubali. Lakini kadi ya grafiki iliyosukumwa hadi ikakosea inaangusha kipande, na kipande hicho kinatumwa kwa mtu mwingine aanze. Mashine iliyo thabiti imeshamaliza.

Na Machi 2020, korona ilipoingia, watu walijiunga kwa wingi hadi Folding@home ikapita hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Ni mfumo wa kwanza duniani kutangazwa kufika hapo. Unajua tatizo lilikuwa nini wiki hizo? Kadi kali duniani kote zilikaa bila kazi kwa sababu seva za mradi hazikuweza kugawa vipande kwa haraka. Kijana wa unga tena, safari hii katikati ya dunia nzima.

Kwa nini inatuhusu

Unaweza kusema nambari tasa hazimhusu mtu wa mtaani. Basi nikupe malaria. Mwaka wa 2006, CERN na Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki walizindua Africa@home, na mradi wake wa kwanza ulikuwa MalariaControl.net. Kompyuta za watu majumbani ziliiga jinsi malaria inavyosambaa na nini kingetokea ukigawa neti, dawa au chanjo. Modeli iliyotumika, OpenMalaria, ni mojawapo ya zile zilizotumika kukadiria manufaa ya chanjo ya RTS,S. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya mwaka wa 2019, magharibi ya nchi, uzinduzi ukiwa Homa Bay.

Sasa rudisha akilini ile biti moja. Katika kazi kama hiyo, jibu baya halilipuki. Linaingia kwa wastani pamoja na mengine, na wastani unaingia kwa ripoti, na ripoti inasomwa na mtu anayeamua watoto wa wapi wapate kitu gani. Ndiyo, kuna ukaguzi. Lakini ukaguzi upo kwa sababu kuna watu waliotuma takataka kwa kasi kubwa, na wengi wao hawakujua.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ovakloki, ni mchezo mzuri, utajifunza kompyuta kuliko kitabu chochote. Lakini kabla hujajiunga na mradi wa kujitolea, tesa mashine yako usiku mzima kwa Prime95, na memori uipime kwa programu yake peke yake. Kama RAM yako ya DDR4 imeandikwa 3200, jua kwamba mara nyingi huanza kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe mpangilio wa XMP kwa BIOS, na ukiuwasha huenda umeshavuka kiwango ambacho prosesa yako imeahidiwa, kwa hivyo pima tena baada ya hapo. Ikikosea mara moja tu, shusha. Usiseme "ni mara moja tu". Na kama mradi wako unategemea memori, nunua kipande cha pili cha RAM kabla ya feni ya rangi rangi.

Halafu siku tukikutana ukaniambia yako inafika 5, nitakuuliza ilipita saa ngapi bila kosa. Njoo na jibu.